Ng'ombe wa Picha

Kalunde alirudi kutoka mashindano ya Afrika na sifa nyingi na mguu mmoja. Sifa zilipokelewa na nchi nzima pale uwanja wa ndege, kwa ngoma na maua ya plastiki. Mguu ulipokelewa na mama yake, Rachel, kando ya barabara ya Namanga, pale gari la timu lilipomshusha msichana na begi lake na magongo mawili, kisha likaenda zake likipiga honi ya furaha.

Huyu Kalunde ndiye kipa wa timu ya taifa ya wanawake. Ile penalti ya mwisho, ambayo watu walishafumba macho wasiione ikiingia, aliidaka yeye. Nchi nzima iliruka. Wachezaji wenzake nao waliruka, bahati mbaya wakamrukia yeye. Walipomaliza kushangilia na kuondoka mmoja mmoja, yule wa chini kabisa hakuinuka.

Daktari wa huko alisema kano ya goti imekatika. Apasuliwe mapema, la sivyo atatembea, ndiyo, hata sokoni atafika, lakini golini asahau. Kalunde katika maneno yote hayo alisikia mawili ya mwisho tu. Ni msichana wa miaka ishirini na mbili ambaye tangu darasa la nne hajawahi kutaka kitu kingine, na Mungu anajua walijaribu kumpa vitu vingine.

Rachel alimpigia simu meneja wa timu. Meneja alikuwa mtu mpole sana, wa sauti ya kubembeleza mtoto. Alieleza kwamba msichana hakuumia akicheza, aliumia akishangilia, na refa alikuwa ameshapuliza kipenga.

"Bima ya timu inalipia mpira, mama Kalunde," alisema. "Haina mahali pa furaha. Lakini usijali, hiyo goti iko kwenye mpango."

Rachel akashukuru. Mtu akikuambia kitu chako kiko kwenye mpango, unashukuru kwanza, ndipo unaenda kukaa chini na kujiuliza mpango ni nini.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili kwenye ploti moja huko Noonkopir. Humo alikuwamo Ngui, mume wa Rachel, Mkamba wa kuchonga mawe machimboni, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Zamani alikuwa akisema msichana wa kupiga mpira mateke atakuja kupiga mume mateke. Siku hizi alikwenda kazini na kofia ya timu ya taifa, na ukimuuliza nani alimfundisha yule mtoto kudaka, anatazama mawe kwa unyenyekevu. Alikuwamo pia Nalangu, mama yake Rachel, ajuza wa Kimaasai kutoka upande wa Kajiado, ambaye alikuja kusaidia kumwogesha Kalunde alipozaliwa na mpaka leo hajamaliza.

Wageni walikuja. Walikuja wa kanisani, wa chama, wa machimboni, na jamaa ambao ukoo wao ulihitaji ramani. Walikuja hata wale waliokuwa wakimwita Kalunde dume, wakiwa wamebadilisha, sasa ni "binti yetu". Walikula chapati na maharagwe ya madondo ambayo Rachel alipika ili awauzie watu wa machimbo, wakanywa chai, kisha kila mmoja akatoa simu.

"Simama kidogo, Kalunde. Ni picha moja tu."

Kalunde alisimama. Hakuna aliyeuliza goti linaendeleaje, isipokuwa mama mmoja wa kwaya, na huyo alitaka tu kujua ni lipi, ili akae upande ule mwingine picha itoke vizuri.

"Hawa watu wanapenda huyu mtoto sana," Nalangu alimwambia binti yake akinusa tumbaku yake. "Wakizidi kumpenda hivi atakatika na ule mguu mwingine."

*

Kisha ukaja mwaliko wa Mheshimiwa Gideon.

Huyu alikuwa na ofisi Kajiado mjini, ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo. Uheshimiwa wake ulikuwa wa kujitolea. Alikuwa amegombea kiti mara tatu na kuanguka mara tatu, na watu walimwita mheshimiwa ili asijisikie vibaya. Mara hii alikuwa amesikia kwamba wanawake ni wengi na mpira unapendwa, akaweka mambo hayo mawili pamoja. Angemkaribisha shujaa wa taifa nyumbani, mbele ya wazee na kamera, na kumzawadia ndama.

Kwa ndama Ngui aliondoa kofia. Rachel naye moyo ulimpanda, maana alikuwa amekwisha uliza kwa watu wa hospitali, na jibu alilopata lilimfanya akose usingizi. Hata kama ndama peke yake hatoshi, alifikiri, mtu wa kutoa ng'ombe mbele za watu hawezi kushindwa kusaidia goti.

Walikwenda wamevaa vizuri. Nalangu alijifunga shuka jipya na shanga zake zote, mpaka akawa anasikika kabla hajaonekana. Uwanjani kulikuwa na hema moja la wazee wenye soda, hema la pili la wageni, na jua la wote waliobaki. Kijana wa ofisi wa Mheshimiwa, Nick, mwenye suruali ya kubana na simu tatu, aliwapokea kwa heshima, akayachukua magongo ya Kalunde na kuyasukuma chini ya meza ya keki.

"Mheshimiwa anasema tusiyaonyeshe," alimwambia Rachel. "Kwa picha inakaa kama tumeleta mgonjwa."

"Lakini ni mgonjwa."

"Najua, mum. Lakini leo ni shujaa."

Basi shujaa alisimama kwa mguu mmoja wakati Mheshimiwa akieleza jinsi alivyoupenda mpira wa wanawake tangu utotoni, wakati ambapo, kwa kumbukumbu za wazee walioketi pale, mpira wa wanawake haukuwako. Jasho lilikuwa likimtiririka Kalunde shingoni. Rachel alimwona mwanawe akikaza meno kama anangoja penalti nyingine, akataka kwenda kumshika, lakini Nick alikuwa amemwomba asikatize fremu.

Ndipo akaletwa ndama. Alikuwa jike, mwekundu mwenye tumbo jeupe, ameacha kunyonya si zamani, shingoni amefungwa utepe wa rangi za bendera. Watu walipiga vigelegele. Kamba ikatiwa mkononi mwa Kalunde. Mheshimiwa akashika pembeni, akatabasamu kushoto, akatabasamu kulia, picha zikapigwa. Halafu Nick akaja polepole na kuitoa ile kamba mkononi mwa msichana, kidole kwa kidole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu bila kumtia hofu. Nyuma ya hema lori lilikuwa likirudi nyuma, na mlangoni mwake alisimama mchuuzi wa mifugo aitwaye Emmanuel, fimbo mkononi, akitazama saa.

Rachel alimwuliza Nick ndama anapelekwa wapi.

"Ah, hiyo ni ya picha tu, mum. Tumeiazima sokoni. Yenu italetwa." Akatazama simu mojawapo. "Iko kwenye mpango."

Neno hilo Rachel alikuwa amekwisha kulifahamu, hata ndugu zake alianza kuwafahamu. Alirudi kwenye kiti chake, akamnong'oneza mama yake. Alimnong'oneza ili waondoke kimya kabla ya aibu. Hakujua kwamba anawasha moto.

Nalangu alifunga kopo la tumbaku. Alisimama, shanga zikalia, akatembea katikati ya uwanja mpaka kwa Mheshimiwa, aliyekuwa bado ameshika kipaza sauti akiagana na umma. Gideon alipoona mwanamke wa umri wa mama yake anamjia, mbele ya wazee wale wote, alifanya alivyolelewa. Aliinamisha kichwa.

"Yeiyo, takwenya," alisalimu.

"Iko," Nalangu aliitikia. Akasema, kwa sauti ya mtu asiyehitaji kipaza sauti, kwamba mjukuu wake baba yake ni Mkamba, na Wakamba kwa mambo ya ng'ombe walizoea kuyamaliza usiku bila kushukuru, kwa hivyo atamshukuria yeye. Wazee wakacheka. Ngui pia alicheka, maana angefanya nini. Ajuza akatema mate kidogo kiganjani, akaushika mkono wa Gideon. Akamgeukia ndama aliyekuwa akivutwa, akamtemea mate ya baraka kwenye paji la uso. Kisha akamtazama Gideon usoni.

"Paashe," alisema.

Kwa Wamaasai, mtu akikupa ndama, majina yenu ya ubatizo mnayaachia kanisa. Yeye anakuita Paashe, na wewe unamwita Paashe, mpaka mmoja wenu afukiwe. Si salamu ya kuombea kura. Ukiitwa hivyo ukaitikia, umekiri mbele za watu kwamba ndama ametoka kwako na amefika, na ninyi wawili sasa ni watu wa kuitana penye shida. Na ukinyamaza, umekana ng'ombe wako mbele ya wazee, na huko Kajiado ni heri ukane hata mke.

Gideon alikuwa na nafasi ya kukohoa. Alikuwa na nafasi ya kuanguka na kuzimia. Lakini kinywa chake kilifundishwa na mama yake kabla hakijafundishwa siasa.

"Paashe," aliitikia, na kipaza sauti kikampelekea jibu lake mpaka kule sokoni.

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Nick alibaki na kamba mkononi. Emmanuel alifunga mlango wa lori, taratibu, kama mtu aliyeona msiba wa jirani na kutambua kwamba ni wake.

*

Ndama alilala Noonkopir, amefungwa kwenye mti wa kuanikia nguo. Asubuhi alikuwa amekula soksi za mpangaji wa chumba cha tatu na sehemu ya bango la "Karibu Nyumbani Shujaa". Mwenye ploti alituma ujumbe kwamba alipangisha watu. Emmanuel naye akafika, bila fimbo, akataka ng'ombe wake.

Nalangu alimkalisha, akampa chai. Alimweleza kwa huruma kwamba huyu si ng'ombe wake tena, ni wa Paashe, na Paashe ana ofisi, ina ngazi na kila kitu, aende huko akalipwe. Emmanuel alimtazama ndama, akatazama mate yaliyokaukia kwenye paji la uso wake, akanywa chai yote na kuondoka. Yeye pia alikuwa amelelewa.

Jioni Ngui alitoa hoja yake, hoja ndefu kuliko zote alizowahi kutoa nyumbani mwake. Ndama auzwe. Goti linazidi kuwa baya, mtoto anashinda akitazama glavu zake ukutani, kambi ya timu inafunguliwa mwaka ujao, na wao wanafuga ng'ombe kwenye kamba ya nguo.

"Hiyo ni mguu wa mtoto imesimama hapo nje inakula soksi," alisema.

"Ng'ombe ya jina haiuzwi," alisema Nalangu.

"Mama, kwetu ng'ombe ni ng'ombe."

"Najua. Ndiyo mlikuwa mnakuja kuchukua zetu." Akageuka kwa Rachel, maana mkwe huongei naye sana. "Mwambie mume wako ndama huyu ataninunulia bendeji na soda ya mgonjwa. Paashe ndiye ataninunulia goti."

Rachel alikaa katikati, kama alivyokaa miaka yote, mama upande huu na mume upande ule. Kalunde hakuwa amesema lolote tangu Kajiado. Sasa alisema, akiwa amegeukia ukuta.

"Mkibishana polepole, mimi nitakuwa nimeshafika miaka arobaini. Niambieni tu kama nitadaka tena ama niuze hizi glavu."

Asubuhi ndama akapelekwa kwenye boma la mdogo wake Nalangu, nje ya mji, na wanawake watatu wakapanda basi la Kajiado.

*

Ngazi za ofisi ya Mheshimiwa zilikuwa nyembamba, za saruji, na hazikuwa na mahali pa kushika. Magongo hayakufaa. Kalunde alikaa kwenye ngazi ya kwanza akaiangalia barabara, akajivuta juu kwa makalio, ngazi baada ya ngazi, huku mama yake akiubeba mguu. Wateja wa dawa za kupe waliacha kupanga foleni wakamtazama. Mmoja alimtambua, akatoa simu. Rachel alimtazama mtu huyo mpaka akairudisha mfukoni.

Juu, Nick alisema Mheshimiwa yuko mkutanoni na wazee. Nalangu akamwambia vizuri, hao ndio aliokuja kukaa nao, akapita.

Rachel alikuwa amejiandaa kuomba. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, maneno ya kupiga magoti bila kupiga magoti. Alipofungua kinywa, mama yake alimfinya paja kama mtoto wa kanisani.

"Ukiomba utajibiwa," alimnong'oneza. "Nyamaza."

Ajuza alimwita Paashe, Gideon akaitikia Paashe, kwa sauti ya mtu anayelipa faini. Akampa habari za ndama: amefika, anakula vizuri, soksi zimemkubali, anakohoa kidogo. Gideon akaahidi dawa ya kikohozi. Nalangu akashukuru, akatoa tumbaku, akanusa, akakaa. Hakuomba kitu. Alikaa mpaka wazee wakamaliza siasa zao, akaaga, na Kalunde akashuka kwa makalio.

Kesho yake walirudi. Na kesho kutwa. Rachel alikuwa akiona jiko lake la chapati limezima na watu wa machimbo wamehamia kwa Nthambi, mama wa mkabala, ambaye maharagwe yake yana mawe lakini yako. Alimwambia mama yake kwamba wanajiaibisha. Nalangu alikubali. Alisema aibu ni kama maziwa, huwezi kumwagia mtu bila wewe kushika kibuyu.

Siku hiyo ya tatu ofisi ilikuwa imejaa. Wazee waliketi mpaka dirishani, maana palikuwa na jambo la kumpitisha Gideon kama mtu wao. Nalangu alitoa habari za ndama kama kawaida. Amepona kikohozi. Anaanza kumjua mchungaji wake. Kisha akanyamaza, na katika kimya hicho kila mtu alisikia, kutoka kwenye ngazi, mwili wa mtu ukijivuta. Ulivutwa, ukapumzika, ukavutwa tena.

Mzee mmoja, ambaye siku zile mbili hakuwapo, aliuliza ni nini hicho.

"Ni mtoto wa Paashe," alisema Nalangu. "Anakuja kusalimia."

Kalunde akatokea mlangoni, amekaa chini, vumbi la saruji limempaka nguo, mama yake nyuma ameshika mguu. Yule mzee alimtazama muda.

"Si huyu ndiye wa mpira? Yule ulimpa ndama?"

Gideon alisema ndiye.

"Na anatembea hivyo?"

Mzee aliweka mikono juu ya fimbo yake na kidevu juu ya mikono.

"Sasa Gideon, sisi ni watu wazima, utueleze. Ulimpa ng'ombe mtu hana mguu ya kumfuata. Hiyo ulikuwa unampa, ama ulikuwa unamcheka?"

Rachel ndipo alipoelewa kwa nini alifinywa. Kama wangeomba siku ile ya kwanza, Gideon angewapa kitu kidogo cha nauli na kuwasindikiza mpaka ngazini, na mambo yangeishia hapo. Sasa hakuna aliyeomba kitu, kwa hivyo hapakuwa na kitu cha kukataa. Palikuwa tu na msichana sakafuni, na wazee wakingoja kuona mtu wao ni mtu wa namna gani.

Gideon alicheka kicheko kikavu. Alisema kwamba kwani hawakuambiwa, yeye alikuwa tayari anashughulika, alikuwa anangoja tu daktari rafiki yake arudi safari.

"Basi mpigie, Paashe," alisema Nalangu. "Sisi tuko na nafasi."

Akapiga, hapo hapo, wazee wakisikiliza.

*

Goti lilipasuliwa hospitali moja ya Nairobi. Mheshimiwa alifika wodini kabla dawa ya usingizi haijamtoka mgonjwa, na safari hii magongo yalitolewa chini ya kitanda, maana sasa yalifaa kwa picha. Muda si mrefu mabango yalisimama barabara ya Namanga, Gideon ameyakumbatia magongo kama mapacha wake, na chini yake maandishi: MTETEZI WA MASHUJAA. Rachel alipita chini ya bango hilo kila siku akienda kuwarudisha wateja wake kutoka kwa Nthambi. Mwanzoni alikasirika. Baadaye alianza kumsalimia.

Meneja wa timu naye alipiga simu, na sauti yake ile ya kubembeleza. Alifurahi sana kusikia goti limepona. "Si nilikwambia, mama Kalunde? Ilikuwa kwenye mpango."

Kupona kwenyewe kulikuwa kazi. Kalunde alianza kwa kuinua kopo la maji kwa kidole cha mguu, akamaliza, baada ya msimu mzima kupita, kwa kuruka kwenye vumbi nyuma ya machimbo, huku baba yake akimrushia mpira kwa ile mikono ya mawe. Upande wa kushoto aliogopa kwa muda mrefu. Siku alipoangukia kushoto na kuinuka na mpira, Ngui alijifanya ana vumbi machoni. Huko machimboni kisingizio hicho hakipingiki.

Mwaka wa uchaguzi ulipofika Kalunde alikuwa kambini tena, jezi namba moja. Ndama naye alikuwa ng'ombe, na alikuwa amezaa jike mwekundu mwenye tumbo jeupe, mama mtupu. Mheshimiwa Gideon akasikia. Alifika kwenye boma na Nick na kamera na wazee wa kutosha, maana ilikuwa imesemwa kwamba Paashe mwema hurudisha baraka, na picha ya mgombea akizawadiwa na bibi wa shujaa ingempeleka mbali.

Nalangu aliwapokea kwa shanga zote. Rachel alisimama kando na birika la chai, akamwona mama yake akimleta ndama mwenyewe, akimpa Gideon kamba, akimsogeza kidogo ili jua limpige vizuri. Gideon alitabasamu kushoto. Akatabasamu kulia.

"Piga, kijana," Nalangu alimwambia Nick. "Piga nyingi."

Zilipokwisha, ajuza alinyoosha mkono na kuichukua kamba, kidole kwa kidole. Akampa ndama kofi dogo la mgongo, ndama akakimbia kwa mamaye.

Gideon alibaki ameshika hewa. Aliinamisha kichwa na kungoja, kiganja wazi, mbele ya wazee, kungoja lile tone na lile jina.

"Huyo alikuwa wa picha, mwanangu," Nalangu alimwambia kwa upole mkubwa. "Wako ataletwa. Yuko kwenye mpango."

Kisha, Rachel akimtazama, na wazee wote wakimtazama, mama yake aliyameza mate.